Wateja wanajaza kikapu, wakifika kulipa wanatoweka

SWALI: Nauza vitenge na mashuka kupitia tovuti yangu, nipo Morogoro. Takwimu za tovuti zinaonyesha watu wengi wanaingia kwa simu, wanachagua bidhaa na kuziweka kikapuni, lakini wakifika ukurasa wa kulipia wanaondoka. Baadhi yao hunitumia ujumbe WhatsApp na kununua huko huko. Fundi aliyenitengenezea tovuti anasema tubadilishe rangi, tuweke picha kubwa zinazojibadilisha zenyewe ukurasa wa mwanzo, na kisanduku cha kuchati pembeni. Je, hayo yatasaidia? – Muuza Vitenge

JIBU: Usitoe hela bado, ndugu yangu. Asiyependa sura ya duka huondoka ukurasa wa kwanza. Mteja wako amekaa, amechagua kitenge, amekiweka kikapuni. Rangi hazikumkimbiza. Kuna kitu kwenye kulipa kinachomshinda au kumtia wasiwasi, na ndicho tukitafute.

Nimeingia kwenye tovuti yako kwa simu ya bei ya kawaida na bando la kawaida, nikajaribu kununua shuka. Fomu yako inadai jina la kwanza, jina la mwisho, jina la kampuni, barua pepe, anwani mstari wa kwanza na wa pili, jimbo, msimbo wa posta, na nchi ambayo lazima uitafute kwenye orodha inayoanzia Afghanistan. Hiyo ni fomu inayokuja na programu ya duka ikiwa mpya, na ilipangwa kwa ajili ya nchi ambako mzigo unaletwa na tarishi hadi mlango wenye namba. Tanzania tunayo misimbo ya posta ya tarakimu 5, lakini muulize mtu yeyote pale stendi ya Msamvu wa mtaa wake ni upi uone atakavyokutazama. Fomu yako imeufanya wa lazima. Asiyeujua hawezi kuendelea hata akitaka.

Jiulize mzigo unasafirije. Wa mkoani unapanda basi, wa mjini unabebwa na bodaboda. Kwa safari hizo unahitaji jina, namba ya simu, mkoa au mji, na sehemu moja ya kuandika yenye kichwa “Tukuletee wapi?” na mfano chini yake: “Kihonda, nyuma ya shule ya msingi”. Vingine vyote viondoke. Barua pepe ibaki kwa anayetaka tu, kwa sababu risiti inaweza kwenda kwa SMS. Nauli ya mzigo nayo ionekane kikapuni, kabla mtu hajaanza kujaza chochote. Kwako inajitokeza mwishoni kabisa, shilingi elfu saba juu ya shuka la elfu thelathini, na hapo hata mteja mwenye nia hurudi nyuma akafikiri upya. (Ukiandika muda wa kuleta, andika “saa 10 jioni”. Ukiandika 16:00 wengine wataelewa. Ukiandika 4:00 peke yake utapigiwa simu asubuhi.)

Namba ya simu inahitaji uangalifu wa pekee. Wapo wanaoanza na 0, wapo wa +255, wapo wa 255 bila alama ya kujumlisha, na wengi wanaacha nafasi katikati. Fomu yako inakubali aina moja tu, nyingine inazikataa kwa maandishi mekundu ya Kiingereza, kisha inafuta yote uliyojaza. Kazi ya kusafisha namba ni ya kompyuta: ondoa nafasi, vistari na alama ya kujumlisha, kama inaanza na 0 hiyo 0 igeuzwe iwe 255, basi. Fundi aandike type="tel" kwenye sehemu hiyo ili simu ilete kibodi ya namba. Na maandishi ya kosa yakae chini ya sehemu yenye kosa, yaseme cha kufanya: “Namba imepungua tarakimu moja.” Jambo dogo la iPhone: maandishi ndani ya fomu yakiwa chini ya pikseli 16, kivinjari chake, Safari, kinaukuza ukurasa chenyewe mtu anapogusa pa kuandika, na kitufe cha kuendelea kinatoka nje ya kioo.

Sasa malipo, ambako nadhani ndiko unakopoteza wengi zaidi. Mteja akibonyeza “Lipa”, mfumo wako unatuma ombi la malipo kwenye simu yake ili aweke namba ya siri, iwe M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Vizuri. Lakini ukurasa wenyewe haumwambii kitu, kiduara kinazunguka tu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde 1 ndiyo mpaka wa mtu kuendelea na wazo lake bila kukatika, na sekunde 10 ndiyo mpaka wa kumshika asihamie jambo jingine. Ombi la malipo linaweza kupita hapo, tena pesa za mtu zikiwa zinahusika. Anabonyeza tena. Yanakuja maombi mawili, anaogopa kukatwa mara mbili, anafunga kila kitu.

Dawa yake ina sehemu tatu. Kwanza, agizo lihifadhiwe kwenye seva (kompyuta inayoendesha tovuti yako) kabla ombi la malipo halijatumwa. Mteja analipa kwa simu ile ile anayosomea tovuti. Akirudi kwenye kivinjari, simu yenye kumbukumbu ndogo hupakia ukurasa upya, na kwako kikapu kinarudi kitupu. Agizo liwe na namba yake na ukurasa wake unaofunguka wakati wowote. Pili, kitufe kikishabonyezwa kizimike, na seva ikatae ombi la pili la agizo lile lile wakati la kwanza bado halijajibiwa. Tatu, andika kinachoendelea: “Tumetuma ombi la shilingi 37,000 kwenye simu yako. Weka namba ya siri, kisha rudi hapa.” Chini yake weka njia ya pili kwa ambaye ombi halijamfikia: Lipa Namba yako na namba ya agizo.

Wale wa WhatsApp usiwaone kama tatizo. Wanataka kuhakikisha kuna mtu upande wa pili, na hiyo ni haki yao. Weka kiungo cha wa.me, kile kinachofungua WhatsApp moja kwa moja, ambacho ujumbe wake umeshaandikwa jina la bidhaa na namba ya agizo. Kitafanya kazi ya kile kisanduku cha kuchati, bila kupakia programu nzito ya kampuni nyingine na bila kuziba kitufe cha “Lipa” kwenye kioo kidogo.

Picha kubwa zinazojibadilisha ningezikataa moja kwa moja. Za bidhaa tu zinakulemea tayari: nyingine zina megabaiti 4, yaani megabiti 32. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, picha moja ni sekunde 16, na bando analipa mteja. Zipunguzwe hadi upana wa pikseli 800, zihifadhiwe kwa WebP (aina ya faili ya picha iliyo nyepesi), na nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 150. Kila picha iandikiwe width na height (upana na kimo) ili ukurasa usiruke mtu anapotaka kugusa kitu. Google inahesabu ukurasa kuwa mzuri pale kitu kikubwa kinachoonekana kinapotokea ndani ya sekunde 2.5, na chombo chake cha PageSpeed Insights kitakupimia bure.

Rangi? Moja tu: yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe hayasomeki juani. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu, ni utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake, kwa hiyo yakolezwe.

Baada ya hapo tafuta watu watano ambao si ndugu zako. Kila mmoja atumie simu yake na bando lake, mwambie, “Nunua shuka moja lipelekwe Dodoma,” kisha unyamaze. Usimwelekeze hata akikwama. Alipe kweli, utamrudishia.

Fundi usimpe kazi yote kwa mkupuo. Mwombe bei ya fomu na ukurasa wa malipo peke yake, uone wangapi wanafika mwisho, picha zifuate.