Maswali ya Wasomaji: Kambi ya Skauti ya Wikendi

Toleo hili tunajibu barua tano kuhusu kambi. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu maswali yake huulizwa na karibu kila kiongozi anayewapeleka watoto nje kwa mara ya kwanza.

Shughuli 11 kwa siku mbili

*Nina skauti 32 wa daraja la Chipukizi, wavulana na wasichana, na viongozi wazima 4. Tumepata nafasi katika kambi ya Rowallan, kule mtaani Jamhuri, Nairobi. Nimepanga tuondoke Kayole Ijumaa baada ya masomo na kurudi Jumapili jioni. Ratiba ina mafundo, dira, moto, huduma ya kwanza, kupanda kamba, ishara za bendera, mapishi, matembezi, kupanda miti, kutazama nyota na mashindano ya michezo. Je, nimesahau nini?* — Mwalimu, Kayole

Mwalimu, hujasahau kitu. Umezidisha.

Tuanze na Ijumaa. Nairobi jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni mwaka mzima, na giza huingia muda usiofika nusu saa baadaye. Ukitoka Kayole saa 10 na ukavuka jiji zima hadi Ngong Road kwa foleni ya Ijumaa, utaingia kambini gizani. Watoto ambao hawajawahi kusimamisha hema watajaribu kwa mwanga wa tochi, chakula kitaiva saa 4 usiku, na Jumamosi wataamka wamechoka kabla ya kufanya lolote. Kambi nyingi za kwanza huharibika usiku huo mmoja. Ondokeni Jumamosi saa 1 asubuhi, hema zote ziwe zimesimama kabla ya saa 6 mchana, na mrudi Jumapili saa 9 alasiri. Usiku mmoja unatosha.

Sasa wagawe. Watoto 32 ni patroli 4 za watoto 8, kila moja na kiongozi wake mtoto, jiko lake, sufuria zake na mtu mzima mmoja wa kula nao na kuwaangalia. Kambi ya kwanza kabisa ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, iligawanywa katika patroli 4 vilevile, na mpaka leo hakuna mpangilio ulioushinda. Kosa tunaloliona sana ni jiko moja kubwa ambapo mama wawili wanapikia wote, na watoto wanapanga foleni na sahani. Ni rahisi kwa wazima, lakini mtoto anarudi nyumbani bila kujua hata kuwasha jiko.

Kwa usalama wa watoto, wasichana na wavulana walale hema tofauti, wazima walale hema zao, na wawili kati ya viongozi wako wanne wawe wanawake. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha. Mzazi mmoja mwenye gari akubali kuitwa saa yoyote ya usiku. Barua ya ruhusa iulize kuhusu pumu, kifafa, mzio na dawa anazotumia mtoto, na nakala zake mwende nazo kambini. Zikibaki ofisini shuleni hazitamsaidia mtu. Nambari za dharura ni 999 na 112. Ziandikeni kwenye kadi ya kila kiongozi wa patroli.

Katika zile shughuli 11 chagua 3: mafundo, dira na mapishi. Tumezichagua kwa sababu zinategemeana na kambi yenyewe inazihitaji. Mtoto akifundishwa fundo kwenye kipande cha kamba hewani, atalisahau kabla ya kufika nyumbani. Akilifunga ili sufuria ya uji isianguke, atalikumbuka. Kwa hiyo Jumamosi alasiri kila patroli ijenge vitu viwili vitakavyotumika siku hiyohiyo: kichanja cha kukaushia vyombo, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono.

Kibuyu chirizi kinahitaji mtungi wa plastiki wa lita 5, fito 2 zenye panda ncha moja zilizochimbiwa sentimita 40 ardhini, mti mmoja wa kulaza juu yake, kamba, na fimbo ya kukanyagia. Toboa mtungi kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 10 hivi chini ya mdomo, upande wa mbele. Pitisha mti wa kulaza kwenye mkono wa mtungi. Funga kamba shingoni mwa mtungi, ncha ya pili uifunge kwenye fimbo iliyo chini, kisha ning'iniza kipande cha sabuni kilichotobolewa. Ukikanyaga fimbo, mtungi unainama na maji yanachirizika bila mtu kuushika kwa mikono michafu. Tundu likizidi unene wa penseli mtungi utaisha baada ya watoto kumi. Mwageni changarawe chini yake, la sivyo kufikia jioni patakuwa tope.

Maji ndiyo hesabu inayokosewa zaidi. Kunywa, kupika na kuosha vyombo huchukua angalau lita 5 kwa mtu kwa siku, hata bila kuoga. Ninyi ni 36, kwa siku 2: lita 360, yaani mitungi 18 ya lita 20. Hata kambi ikiwa na mfereji, nenda wiki moja kabla ufungue bomba kwa mkono wako, uulize hukatika siku gani, na uangalie vyoo na mahali panaporuhusiwa moto. Maji usiyoyaamini yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika nzima.

Chakula cha mchana Jumamosi kila mtoto abebe kutoka nyumbani, kwa sababu mchana huo mikono yote iko kwenye hema. Kwa milo mitatu inayobaki, hesabu watu 9 kwa kila patroli. Usiku, wali kwa ndengu: mchele kilo 1 na robo, ndengu robo tatu ya kilo. Asubuhi, uji na mkate: unga gramu 400 kwa lita 4 za maji, na unga ukorogwe kwanza kwenye maji baridi, maana ukiumwaga moja kwa moja kwenye maji yanayochemka utafanya madonge. Mchana wa Jumapili, ugali, sukuma wiki na mayai: pakiti moja ya unga ya kilo 2 inatosha patroli moja. Nyama iacheni nyumbani, hakuna friji. Mboga nunueni Jumamosi alfajiri sokoni, msinunue Ijumaa.

Baridi ya Julai

*Mwanangu ana miaka 12 na anaenda kambi mwezi wa saba. Ameniomba jiko dogo la makaa alipeleke hemani usiku. Anasema makaa yakishashika hayana moshi. Nimruhusu?* — Mama, Umoja

Hapana, Mama, na tunaomba umweleze sababu ili naye awakataze wenzake. Makaa yakishawaka vizuri moshi hupungua, lakini hewa ya sumu ya kaboni monoksidi inaendelea kutoka. Haina rangi wala harufu. Aliye macho huumwa kichwa na kulegea; aliyelala hasikii chochote, na huenda asiamke. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Jiko halifai kuingia hemani hata likiwa linaelekea kuzima.

Baridi ya mwanao itatoka chini zaidi kuliko juu. Mwili hukandamiza chochote kilicho chini yake, na kitu kilichokandamizwa hakihifadhi joto. Kwa hiyo kama ana blanketi mbili, moja iende chini. Chini yake kabisa pawe na kadibodi mbili au magunia makavu, kisha mkeka. Kadibodi ya katoni la dukani inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mwekee nguo za kulalia ambazo hatazivaa mchana, zikiwemo soksi na kofia ya sufi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Soksi za mchana, hata zikionekana kavu, zina jasho, na ndizo zinazomfanya mtoto atetemeke saa 9 usiku. Blanketi nzito za mitumba zinapatikana soko la Gikomba. Ifue mapema ikauke kabisa. Na ale kabla ya kulala: mwili hujipasha moto kwa shida tumbo likiwa tupu.

Miti mitatu inayoanguka

*Patroli yetu inafunga miti mitatu ya kuning'iniza sufuria juu ya moto. Kila mara ama miguu haifunguki, ama inafunguka kisha kamba inateleza na sufuria inaanguka. Tunatumia kamba ya katani.* — Kiongozi wa patroli, Kawangware

Kiongozi, mna makosa mawili tofauti, na kuogopa moja ndiko kunakowatia kwenye jingine.

Chukueni fito 3 za mita 2, unene wa kifundo cha mkono, na kamba ya milimita 6 yenye urefu wa mita 4. Zilazeni sambamba, miguu ikiwa sawa kwa chini. Sentimita 30 kutoka juu, anzeni na klovu hichi (fundo la mizunguko miwili inayopishana juu ya mti) kwenye fito ya pembeni. Kisha sukeni kamba kama mkeka: juu ya ya kwanza, chini ya ya pili, juu ya ya tatu, halafu rudini, mara 5 au 6. Hapa msivute kwa nguvu. Mizunguko ikae tu bila kulegea. Mkiikaza hapa ndipo miguu inapokataa kufunguka.

Nguvu inakuja katika hatua inayofuata, na inaelekea ndiyo mnayoiruka. Pitisheni kamba katikati ya fito ya kwanza na ya pili, ikate mizunguko yote kwa wima mara 2, mkivuta kwa bidii. Fanyeni hivyohivyo kati ya ya pili na ya tatu. Malizieni kwa klovu hichi kwenye fito ya mwisho. Sasa fungueni miguu: ule mtanuko wenyewe utaumalizia ukazaji. Mguu wa katikati uende upande mmoja, ile miwili ya pembeni upande wa pili.

Kabla ya kutundika chakula, ning'inizeni mtungi wa maji lita 10 kwa dakika 5. Na msitumie fito mlizookota zikiwa na maganda yaliyolegea. Kamba hushika ganda, ganda likabanduka, na mnabaki mkiilaumu kamba.

Saa ya mkono na kaskazini

*Kitabu cha skauti kinasema mtu anaweza kupata kaskazini kwa kuelekeza mshale wa saa kwenye jua. Tulijaribu Nairobi tukapotea kabisa. Tulikosea wapi?* — Skauti wa daraja la Mwamba, Eastleigh

Hamkukosea. Njia hiyo ilitungwa kwa nchi zilizo mbali na ikweta, ambako jua la mchana hubaki upande mmoja mwaka mzima. Nairobi iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 1 na kidogo tu. Mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini yenu, Desemba liko kusini, na kuna siku linapita utosini. Nyota ya Kaskazini nayo haionekani kutoka hapa.

Tumieni kivuli. Simikeni kijiti cha mita 1, wekeni jiwe kwenye ncha ya kivuli, ngojeni dakika 20, wekeni jiwe la pili. Jiwe la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki. Simameni magharibi ikiwa mkono wa kushoto, nanyi mnatazama kaskazini. Mkitumia dira, simameni mbali na ua wa mabati, gari na panga, na simu zisikae mkono mmoja na dira. Tumeona kundi zima likienda kombo kwa sababu kiongozi alishika vyote viwili pamoja.

Hema zinanuka ukungu

*Hema zetu 4 zina madoadoa meusi na harufu. Tunaziosha kila baada ya kambi.* — Kiongozi, Dagoretti

Huenda kuosha ndiko kunakoleta shida, kama zinafungwa kabla ya kukauka. Hata pasipo mvua, asubuhi hema huwa na umande kwa nje na unyevu wa pumzi kwa ndani. Likikunjwa saa 2 asubuhi, ukungu huanza siku chache tu baadaye. Jumapili zifungueni pande zote na kuzigeuza sakafu juu, na zikunjwe mwisho, baada ya chakula cha mchana. Ikinyesha, kunjeni hivyohivyo, lakini siku hiyo au kesho yake zianikwe shuleni mpaka pindo na kamba zikauke. Pindo ndizo hudanganya, zikionekana kavu huku uzi wa ndani umelowa. Madoa yaliyopo yapigwe brashi laini kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande. Dawa ya kung'arisha nguo msitumie, inakula uzi na utando wa kuzuia maji. Kisha zihifadhini zikiwa zimekunjwa bila kubanwa, juu ya rafu, mbali na sakafu ya simiti.