Kabla hujafunga snokeli kwenye Land Cruiser yako

Kijana mmoja wa Usa River ameniandikia: "Shikamoo kaka, nataka kufunga snokeli, ipi inapendeza zaidi?" Marahaba mdogo wangu. Snokeli ni lile bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele ili injini ivute hewa ya juu. Kwa kupendeza zote zinapendeza, hata zile za geresha ambazo hazijaungwa na kitu.

Umeniandikia wakati mzuri. Juzi fundi alifungua injini yangu kubadilisha gasketi ya silinda hedi, akaniita nichungulie. Ndani ya silinda michirizi ya kiwandani bado inaonekana, vumbi halijaikwangua! Hii ni 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, iliyozeekea njia ya Serengeti, Olduvai mpaka Naabi, gari mbele, gari nyuma, vumbi kama unga wa sembe. Wenzangu walionicheka pale Makuyuni kwamba nahangaika na "pua ya tembo", yaani snokeli, wangapi hawajabadilisha ringi za pistoni? Sisemi kwa majigambo. Basi, kidogo.

Akili hiyo niliipata kwa uchungu. Zamani nilimwendeshea tajiri mmoja hapa Arusha, simtaji. Gari lake lilikuwa na snokeli ya maana, lakini ule mpira wa kuunganisha bomba na eya klina, lile kasha la chujio la hewa, uliojificha ndani ya fenda, ulikuwa umepasuka. Nikamwambia. Akasema mpira gani huo wa bei hiyo, piga gundi. Tukapiga gundi. Injini ilipoanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, aliyekatwa mshahara ni mimi. Mpaka leo nikipita getini kwake nageuza uso.

Kwa hiyo usianze na rangi. Injini ya lita 4.2 kama hiyo 1HZ yangu, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inavuta zaidi ya lita 3,000 za hewa kila dakika. Penye ufa inavuta vumbi bila kupita kwenye chujio. Snokeli ikishafungwa, washa gari, mwache fundi azibe mdomo wa juu kabisa. Injini ikizima, imefungwa vizuri. Ikiendelea kunguruma, inapumulia kwingine, usilipe kwanza.

Kichwa cha snokeli je? Kile cha kutazama mbele kinatosha kwa anayeenda Moshi na kurudi, na kina matundu ya kumwagia mvua, usiyazibe. Ila kwa Natron, kwenye ule udongo wa majivu ya Oldoinyo Lengai, mimi nafunga kichwa cha kuzungusha, kile chenye bakuli. Hewa inazungushwa, vumbi zito linarushwa pembeni kabla halijafika kwenye chujio. Hakikisha ukubwa wake unalingana na injini, kidogo kinaikaba. Na bakuli linamwagwa, jamani! Nawaona madereva wanapiga picha na simba huku bakuli limejaa pomoni.

Chujio lenyewe baki na la karatasi. Yale ya kitambaa cha kupaka mafuta sijayaamini kwa vumbi letu, na oili ikizidi inachafua sensa ya hewa kwa injini zenye nayo. Likichafuka lipulize kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje. Kuligonga kwenye tairi ni ushamba, acheni. Ukitaka kujua kama linapitisha vumbi, paka grisi nyembamba kwenye bomba baada ya chujio, nenda safari, rudi upapase. Ukikuta mchanga, tafuta ufa.

Kuhusu maji, najua mnapenda video za kuvuka mito. Ni kweli maji yakiingia kwenye silinda hayagandamiziki, konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, inapinda. Lakini snokeli haijakugeuza mamba. Ukienda Ndutu wakati wa mvua, kumbuka hata diffu, yale makasha ya gia kwenye ekseli, zina vipumulio vyake. Diffu ya moto ikizama ghafla inapoa na kunyonya maji. Mwambie fundi huyohuyo avivushe kwa mpira mpaka juu, usawa wa boneti, siku hiyohiyo anapotoboa fenda.