Weka gundi chini: boksi la Richelieu 1943 halijengi Dakar 1940

Mkuu, weka hiyo gundi chini. Umesema una boksi la modeli ya plastiki ya Richelieu, manowari kubwa ya Ufaransa, ilivyokuwa 1943, kipimo cha 1/350, unataka utoe ile ya Dakar, Senegal, Septemba 1940, na kwamba tofauti ni "vibunduki vichache" utakavyoviacha kwenye fremu bila kuvikata. Nilipofika hapo damu ilinichemka. Maneno hayo hayo niliyasema mimi miaka minne iliyopita, na matokeo yake yako juu ya friji langu: sentimita 71 za aibu.

Hivyo vibunduki vichache ndivyo hivi. Meli ilikimbia Brest, bandari ya Ufaransa, Juni 1940 kabla Wajerumani hawajaingia, ikatia nanga Dakar, ikabaki upande wa serikali ya Vichy iliyosalimu amri kwa Wajerumani. Julai 8 ikapigwa torpedo na ndege ya Waingereza, Septemba ikapigana dhidi ya Waingereza na watu wa de Gaulle, Wafaransa waliokataa kusalimu amri. Ilipoondoka Dakar Januari 1943 kwenda New York, Wamarekani waliigeuza. Mnara wa mbele ilibidi upunguzwe kichwa ndipo ipite chini ya daraja la Brooklyn. Nyuma kulikuwa na manati mbili za kurushia ndege, banda lake na winchi: vyote viling'olewa. Mizinga midogo ya 37 mm na bunduki za rashasha za 13.2 mm, nje. Badala yake ikajazwa mizinga ya kutungulia ndege: Bofors za 40 mm, vituo 14 vya mitutu minne minne, jumla 56, na Oerlikon za 20 mm karibu hamsini. Ongeza rada. Staha ya nyuma unayoiona kwenye boksi lako haikuwepo Dakar. Hata ile mizinga mikubwa minane ya 380 mm, mitatu ililetwa kutoka kwa dada yake Jean Bart, kwa kuwa mingine ilipasuka kule kule Dakar. Hiyo isikusumbue, kwa nje yote sawa.

Mimi nilimuuliza muuzaji wa dukani, huku huku Ufaransa, mzee mwenye miwani shingoni na sauti ya profesa. Akasema: "Meli ni ile ile, mwaka ni wa kibao tu." Mungu anamwona. Akaniuzia na vipande vya shaba vya nyongeza, vya 1943 pia, bei karibu nusu ya boksi. Nikajenga miezi saba. Manati nikazichonga mwenyewe kwa plastiki, nikajiona fundi, nikazipachika nyuma katikati ya Bofors, maana Bofors zilikuwa nzuri na roho iliniuma kuziacha. Nikachongesha kibao cha shaba: DAKAR 1940.

Nikaipeleka kwenye maonyesho ya mji. Babu mmoja akainama, pua karibu iguse mlingoti, akaanza kuhesabu kwa kidole, taratibu, moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na nne akaniuliza kwa adabu zote: "Samahani bwana, hizi walizipata wapi? Wamarekani wakati huo hawakuwa hata vitani." Nikamjibu waliagiza mapema. Alicheka yeye peke yake.

Usiku ule nikaamua kurekebisha, na hapa ndipo nilipoiua kabisa. Saa saba usiku, kisu kikali, supagluu ya miezi mitatu. Kituo cha kwanza kilitoka na kipande cha staha chini yake, tundu la ukubwa wa punje ya mchele. La pili likawa la harage. Nikajaza puti, nikapiga msasa, na msasa ukafuta mistari yote ya staha, nyuma ikawa laini kama sahani. Mke wangu aliamka, akaangalia, akarudi kulala bila kusema kitu. Nilinunua boksi la pili. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimekataa kuipiga.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: tarehe kwanza, gundi baadaye. Andika mwezi na mwaka kwenye karatasi, bandika ukutani, halafu kila kipande kabla hujakikata kiulize: wewe ulikuwepo siku hiyo? Ukiwa na boksi la 1943, jenga linachokupa: Scapa Flow kule Scotland, au Trincomalee (Sri Lanka) na Sabang (Sumatra) Aprili 1944, ilipokuwa na kikosi cha Waingereza cha Mashariki, kile kile kilichowahi kukaa Kilindini. Ukiing'ang'ania Dakar, tafuta boksi la 1940 au jiandae kuchonga nyuma yote upya, siyo kubandua.

Uliuliza pia habari ya rangi, sijui na nini tena, nitarudi. Kwanza tupia picha ya staha ya nyuma. Kama umeshabandika zile Bofors mbili za mwisho usizivute, weka meli kwenye jokofu la kugandisha usiku mzima, supagluu hukakamaa ikiwa baridi, asubuhi uzisukume kwa ubavu. Na kisu mpe mtu akufichie.