Wadogo zangu wa manunuzi na stoo, mitungi ya moto hainunuliwi kama ndoo za plastiki

Wiki hii nimeletewa ombi lingine la manunuzi nisaini. Jengo lina vyumba vya wageni, jiko, mapokezi, chumba cha seva, jenereta nyuma na kibanda cha mlinzi, na dogo wetu mpya ameandika mstari mmoja tu: mitungi ya kuzimia moto, poda, kilo 9, yote sawa, profoma tatu (karatasi za bei za saplaya) zimeambatanishwa, ya bei ya chini imewekewa tiki. Nikamuuliza mbona yote poda, akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Dada si imeandikwa ABC, inazima kila kitu." Nampenda sana huyu dogo, anafika kazini mapema hata mvua ya mwezi wa nne ikinyesha, mahesabu yake yamenyooka, ila jibu hilo nimelisikia kwa kila anayeingia ofisi ya manunuzi Arusha hii, kuanzia Njiro mpaka Usa River, na nyie wa Moshi msijifiche nanyi mmo. Kwa hiyo naandika yote hapa, msome mpaka mwisho.

1. Tembea kwanza, ndo uombe profoma.

Kabla hujampigia saplaya yeyote, chukua daftari uingie kila chumba ujiulize mambo mawili: humu kitakachoungua ni nini, na atakayekuwa amesimama hapa wakati kinaungua ni nani. Madaraja ya moto mnayajua, mmeyakariri kwenye mafunzo, A vitu vikavu kama mbao na magodoro, B petroli na dizeli, C gesi, D metali, F mafuta ya kupikia (ile ABC ya dogo ni hizi tatu za mwanzo tu), na umeme tunauangalia pembeni. Tatizo ni kwamba mkishafungua fomu ya LPO, yaani oda ya kununua, mnayaacha mlangoni mnaanza kulinganisha bei kwa kilo.

Na hilo swali la nani mnaliruka kabisa. Kilo 9 ni uzito wa poda peke yake, chuma hakijahesabiwa, mtungi mzima unazidi kilo 12. Muite dada wa usafi wa vyumba aushushe ukutani mbele yako atembee nao haraka kwenye korido, alafu muite na mzee wa lindo la usiku. Ukiona mtu anauburuza, huo sio mtungi wake, nunua wa kilo 6 au hata mdogo zaidi na uongeze idadi.

2. Jikoni.

Hapa nitakaa, mnivumilie, kwa sababu hili ni langu mwenyewe.

Hoteli niliyoanzia kazi (siitaji jina) tulikuwa tunabadilisha mitungi yote kabla ya msimu wa wageni. Saplaya alikuwa mtu anayejua kazi, alipita mwenyewe akaangalia, na kwenye profoma yake akaweka mstari wa mtungi mmoja wa mafuta ya kupikia, ule wenye ukanda wa njano, lita 6, na chini yake blanketi la moto. Bei ya ule mtungi ilikuwa mara kadhaa ya bei ya poda. Mimi mgeni, bosi amesema punguza gharama, nikauangalia ule mstari nikajisemea huu mtungi mmoja wa bei hii wa nini wakati poda tunanunua za kutosha, nikachukua kalamu nikaukata, blanketi nalo nikalikata, pembeni nikaandika "jikoni iwekwe poda". Meneja kwenye kikao akanisifia mbele za watu jinsi nilivyookoa hela, na niliifurahia ile sifa, siwezi kuwadanganya.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa saba, hoteli imejaa. Karai la chipsi liko kwenye jiko la gesi, shefu ametoka mlango wa nyuma kupokea kuku. Mafuta yakipitiliza joto yanaanza kutoa moshi, na ukiyaacha hapo yanawaka yenyewe bila mwali kuyagusa, ndo kilichotokea. Kijana msaidizi akafanya vilevile tulivyomfundisha, akauchukua mtungi, akavuta pini, akaelekeza, akabana. Jiko lilikuwa jembamba, hana pa kurudi nyuma, kasimama karibu na karai, na poda inatoka kwa presha kubwa, ikayapiga mafuta yakaruka, mengine ukutani, mengine sakafuni, na mengine kwenye mkono wake wa kulia kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni.

Moto ukazimika. Watu wakaanza kushangilia. Alafu ukawaka tena, pale pale, wenyewe.

Poda inaukata mwali lakini haipozi mafuta, yale mafuta yalikuwa na joto lile lile na gesi chini ilikuwa bado imefunguliwa, kwa hiyo lile wingu la poda lilipotulia tu hewa ikarudi na moto ukarudi. Ukaletwa mtungi wa pili kutoka koridoni, nao ukaisha, na mtungi kama huo ukiubana haufiki hata nusu dakika. Jiko zima likawa jeupe, huoni mlango, watu wanakohoa. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa kuosha vyombo, alizunguka nje akafunga vali kwenye mtungi wa gesi, akarudi na mfuniko wa lile sufuria kubwa la pilau, na mwali ulipopungua akauteleza juu ya karai kutokea pembeni, akawaambia watu wote tokeni na asiufunue mtu. Hakuna aliyemfundisha.

Yule kijana alilazwa. Nilipoenda kumwona wodini, mkono umefungwa wote, kitu cha kwanza kuniambia ni "samahani dada, nimemaliza mitungi miwili." Aliniomba samahani mimi. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi na kile kimstari nilichokata kwa kalamu kikawa kinanijia machoni, mpaka leo nikiona profoma yenye mstari umekatwa naiangalia mara ya pili. Mkono ulipona ila kovu lipo, na jikoni hakurudi, aliomba kuhamishiwa mapokezi.

Sasa sikilizeni kwa nini ule wa njano ni ghali na kwa nini unanunuliwa hata hivyo. Ndani yake kuna maji yenye chumvi za potasiamu, na hautoi kwa kishindo, una mrija mrefu unaonyunyiza taratibu ukiwa umesimama mbali kidogo. Ile dawa ikikutana na mafuta ya moto inageuza ile sehemu ya juu kuwa kama povu la sabuni, linafunika, linazuia hewa na mafuta yanapoa chini yake, hayawaki tena. Poda haifanyi hivo, CO2, yaani gesi ya kaboni dioksidi, haifanyi hivo, na maji ya kawaida ndo kabisa, ukimwaga maji kwenye mafuta yanayowaka umelipua jiko. Hela niliyookoa haikutosha hata kusafisha: chakula chote kilitupwa, na ile poda iliingia kwenye mota za mafriji.

Kwa hiyo jikoni mtungi wa njano, blanketi la moto, na vali ya gesi mahali mtu anafika bila kupita mbele ya jiko. Vikae upande wa mlango wa kutokea. Nimeona jiko moja hapa mjini mtungi umetundikwa juu kabisa ya jiko lenyewe, yaani ukitaka kuuchukua inabidi upitishe mkono kwenye moto.

Na kama ni gesi inawaka kwenye mpira au kwenye kiungio, funga vali kwanza. Ukiuzima mwali gesi ikaendelea kutoka, inajaa chumba na kitakachofuata ni kibaya kuliko moto wenyewe.

3. Seva, swichi bodi, kompyuta za mapokezi: CO2.

Haiachi uchafu na haipitishi umeme. Poda itauzima moto wa seva sawa, ila na seva yenyewe hutaipata tena, ule unga unaingia kila mahali na unakula vyuma.

Hapa nawakumbusha kisa cha stoo. Mzigo umefika, kijana wa stoo makini sana, anakagua kimoja kimoja na delivari noti mkononi, kwenye poda geji za presha zote ziko kwenye kijani, akapokea. Kufika kwenye CO2 hakuna geji hata mmoja. Akaandika kwa herufi kubwa MIBOVU, HAINA GEJI, akaipakia yote kwenye gari ikarudi mpaka Unga Limited, na akaja kuniambia kwa furaha kwamba ametuokoa na matapeli. Jamani. Nilimpongeza kwa kukagua, kwa sababu wengi wenu mnasaini bila kufungua boksi, alafu nikamkalisha chini. CO2 haina geji kwa sababu ndani gesi imekaa kama kimiminika, na maadamu kimiminika bado kipo presha haishuki hata kama nusu imeshavuja, kwa hiyo geji ingekudanganya. CO2 inapimwa kwa mizani. Uzito umegongwa au umeandikwa kwenye mtungi, soma vizuri kama wamehesabu na ile pembe ya kupulizia au bila pembe, upime kwa mizani ya stoo, na ukikuta imepungua zaidi ya asilimia 10 ya gesi, yaani nusu kilo kwenye mtungi wa kilo 5, hiyo ndo ya kurudisha.

Msishike ile pembe wakati inatoa, baridi yake inaunguza ngozi. Na chumba kikiwa kidogo ukishapuliza toka nje, maana inafukuza hewa unayovuta.

4. Yote ni myekundu, someni ukanda.

Bluu poda, nyeusi CO2, krimu povu, njano mafuta ya kupikia. Na kwenye poda angalia kama ni ABC au BC tu, maana BC ni ya bei nafuu na mtu anakuuzia kwa ajili ya vyumba vyenye magodoro na mapazia wakati kwenye vitu vikavu haifai.

Hata ABC kwenye korido za ndani siipendi sana. Ukibana huoni mbele, na wageni ndo wanatafuta njia ya kutokea wakati huo huo. Viwango vya Uingereza, BS 5306, vinashauri poda isiwekwe ndani ya majengo mpaka tathmini ya hatari ionyeshe kuna sababu. Korido za vyumba mimi naweka maji au povu, na CO2 karibu na swichi bodi.

5. Jenereta na stoo ya dizeli, povu au poda, na mtungi ukae nje ya mlango. Magari ya safari, poda ndogo ya kilo 1 au 2 iliyofungwa kwenye bano lake, sio inabingirika chini ya siti mpaka siku moja inaingia chini ya breki.

6. Sevisi.

Muulize saplaya kabla ya kulipa: sevisi anafanyia hapa Arusha au anapeleka Dar, na akichukua mitungi anaacha ya kushikiza? Nimekuta jengo zima halina mtungi hata mmoja kwa sababu gari la sevisi limeichukua yote kwa mpigo, na mtu wa manunuzi anashangaa kwa nini nimepiga kelele.

Alafu kuna hawa wanaokuja na stika za sevisi bila kufungua mtungi. Mmoja alitumaliza kwa muda, kadi mpya kila mwaka, tarehe safi, saini nzuri. Siku moja nikainama kuangalia pini nikakuta sili ina vumbi lililoganda na utando wa buibui umepita kutoka kwenye mpira mpaka ukutani. Mtungi uliofunguliwa hauwezi kuwa na utando wa mwaka jana. Toka siku hiyo kabla ya sevisi naweka alama ndogo ya kalamu kwenye sili, na nataka mtu wangu asimame pale wakati wanafungua. Mtungi uliobanwa hata kidogo tu unarudi kujazwa, poda inabaki kwenye vali na presha inavuja polepole, usiurudishe ukutani kwa sababu "bado mzito".

7. Waiteni Zimamoto kabla hamjanunua.

Wengi mnasubiri waje kukagua ndo mnakimbizana. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wana ofisi mkoani, andika barua, waombe wapite jengo lako wakushauri, alafu ndo uandike LPO. Namba ni 114, ibandike juu ya kila mtungi, na watu wajue anayepiga simu na anayezima ni watu wawili tofauti. Mnaonunua kwa ajili ya shule na hosteli, Rombo pale hawajalisahau bweni la shule ya Shauritanga lililoungua mwaka 1994, na safari ile chanzo kilikuwa mshumaa tu.

8. Mitungi ya poda na povu inayosubiri kujazwa upya msiipeleke ikiwa imejaa.

Itoeni uwanjani, ongea na saplaya kwanza, muwashe moto mdogo kwenye beseni la chuma na kila mtu abane, mlinzi wa usiku, wapishi, dada wa usafi, hata mhasibu. Wasimame upepo ukiwa mgongoni, waelekeze chini kwenye chanzo sio juu kwenye mwali, wafagie kushoto kulia. Wengi watakwama kwenye pini. Wanaubana mkono wa mtungi kwa woga huku wanavuta pini, na ukibana pini inakaza haitoki, wanaanza kuhangaika na kusema mtungi mbovu. Waambieni waushike mtungi kwa chini, waachie mkono wa kubania kabisa, wazungushe pini sili ikatike, wavute, na hapo ndo wabane.