Jibu: Nyongo inaamshaje kipokezi cha vitamini D?

Dada, umeuliza nyongo inahusiana vipi na kipokezi cha vitamini D, yaani protini ya seli inayopokea ishara ya vitamini hiyo. Si asidi zote za nyongo zinazokiamsha. Hasa ni asidi ya lithokoliki, inayotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana kutokana na nyongo iliyomwagwa kulainisha mafuta, tuseme ya nyama choma ya Kenyatta Market, Nairobi. Huingia kwenye kishimo kilekile cha kipokezi kinachoingiwa na kalsitrioli, yaani umbo tendaji la vitamini D, ila ikiwa imegeuka kichwa chini miguu juu, na hushika kwa ulegevu, kwa hiyo huhitajika nyingi zaidi. Kipokezi kikiamka huungana na kipokezi mwenzake, RXR, kisha huwasha jeni za CYP3A, zinazotengeneza kimeng'enya cha jina hilo. Utamu uko hapa: kimeng'enya hicho huivunja asidi hiyohiyo, ambayo ni sumu. Mtafiti Makishima na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2002.