Tipu si mshahara: maswali ya wasomaji kuhusu malipo ya saa

*Nina mgahawa wenye baa hapa Njiro. Wahudumu wanne ni wa mwezi, na Ijumaa hadi Jumapili naongeza deiwaka watatu. Programu ya mishahara niliyouziwa ina kisanduku cha "mfanyakazi wa tipu". Nikikiwekea alama, malipo ya saa yanashuka yenyewe. Nikiache? Na kutoka kima cha mwezi, saa moja naipataje?*
Mwenye mgahawa, Arusha

Ondoa hiyo alama leo. Kisanduku hicho kimetoka Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, ili mradi tipu zimfikishe kwenye dola 7.25. Zisipomfikisha, mwajiri anajazia. Hata huko, majimbo kama California na Washington hayaruhusu mchezo huo.

Kwetu Tanzania haupo kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauelezea mshahara wa msingi kuwa ni malipo ya kazi iliyofanywa katika saa za kawaida. Posho, ovataimu na nyongeza ya usiku haviingizwi humo. Sasa kama hata posho unayoitoa mwenyewe haihesabiki, noti aliyoiacha mteja chini ya kisahani itahesabikaje? Kima cha chini kinatoka mfukoni mwako chote.

Anza na amri ya mishahara inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2026. Usichukue ile shilingi 358,322 kwa mwezi iliyotangazwa redioni ukadhani ni ya kila mtu, kwa kuwa kila sekta ina mstari wake. Katika huduma za hoteli, hoteli ya kitalii haikai kundi moja na baa na migahawa. Jedwali lina safu ya saa, siku, wiki na mwezi, kwa hiyo soma ya saa moja kwa moja. Kama unalipa juu ya kima, piga hesabu hivi: gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawa kwa saa 45, ambazo ndizo ukomo wa saa za kawaida kwa wiki.

Tuseme, kwa mfano tu, unalipa 260,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa 4.333 unapata kama 60,005; ukigawa tena kwa 45, saa moja ni 1,333. Wengi wanakosea hapa: wanagawa kwa siku 30, halafu kwa saa 9, wanapata 963. Wamegawa hadi siku za mapumziko, na deiwaka anapoteza shilingi 370 kila saa bila mtu kumwibia kwa makusudi.

Chukua zamu ya Ijumaa, saa 11 jioni hadi saa 7 usiku. Ni saa nane, na akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, ambayo si lazima uyalipie. Lakini ukimwambia ale pale kaunta huku jicho likiwa kwenye meza zake, hayo si mapumziko. Lipa saa zote nane. Akipumzika kweli, kuanzia saa 3 hadi saa 4 usiku, unalipa saa saba: 9,333 hivi. Usiku wa kisheria unaanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi na una nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Hapa ni saa nne, yaani kama 267. Jumla ni takriban 9,600. Baa inayompa 5,000 na kumwambia "nyingine utaitafuta mezani" inavunja sheria, hata kama usiku huo ameondoka na tipu ya 30,000.

Ovataimu ni mara moja na nusu. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara mbili. Jumapili ya deiwaka aliyekubali kufanya kazi wikiendi si siku yake ya mapumziko, ila ikiangukia Krismasi ni mara mbili.

Halafu waandikie. Anayekufanyia kazi siku sita au zaidi kwa mwezi anastahili maelezo ya ajira kwa maandishi, deiwaka au si deiwaka.

*Mimi ni mhudumu baa moja hapa Moshi. Mteja akiingia mitini na bili, naandikiwa shoti, yaani deni la pesa iliyopungua. Mwezi uliopita nilikatwa karibu nusu ya mshahara, na bado nilisaini kuwa nimepokea wote. Hii ni halali?*
Mhudumu, Moshi

Dada, makosa ni mawili. Kukusainisha kiasi ambacho hukupokea kumekatazwa waziwazi. Na shoti haikatwi hivi hivi: mwajiri aonyeshe kwamba hasara imetokana na kosa lako kazini, akuandikie chanzo, kiasi na alivyokihesabu, akupe nafasi ya kupinga, asizidishe hasara halisi, na makato yote yasipite robo ya malipo yako. Mteja aliyetoroka wakati wewe uko jikoni unafuata mishikaki si kosa lako kwa urahisi huo.

Weka daftari lako: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, meza, kiasi. Piga picha ya karatasi unayosainishwa. Nenda kwa Afisa Kazi kwanza. Isipotatuka, jaza Fomu Na. 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya mshahara yana siku 60. Ukifukuzwa kwa sababu ya kulalamika, dai la kuachishwa kazi lina siku 30 tu, na wengi wanazimaliza wakisubiri bosi apoe.

*Tipu za kadi zinaingia akaunti ya lodge. Meneja naye ana fungu. Ana haki?*
Mpishi, Usa River

Sheria yetu ya ajira haina kifungu cha kugawa tipu, hivyo mnachoandikiana ndicho kinachowalinda. Dai karatasi moja inayotaja nani yumo kwenye mfuko, kila mmoja ana pointi (mafungu ya mgao) ngapi, lini inagawiwa, na jumla ya kadi ya mwezi ibandikwe ukutani. Meneja anayeamua mgao asiwe kwenye mgao.