Kijaluba cha babu aliyekuwa Keya

SWALI: Shikamoo, Mzee Sonara. Marehemu babu alikuwa sajini wa Keya (K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni), akapigana Burma. Ameacha kijaluba cha sigara cha fedha. Juu ya kifuniko pamechongwa herufi R.H.C. kwa madoido. Ndani kuna maneno ya Kiingereza: "Kwa Sajini", jina la babu, halafu "kutoka kwa Meja wake, 36 K.A.R., Krismasi 1944". Mnunuzi mmoja ananipa laki moja na nusu. Huyo Meja ni nani, na niuze? — Mjukuu, Songea

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Picha zako nimezitazama kwa lenzi, na kilichonishika si jina, ni mikono. Herufi za kifuniko zimechongwa na sonara hasa: mkato mmoja, haukurudiwa. Maneno ya ndani yanapanda na kushuka, na ile "4" ya mwisho imeteleza. Huyo hakuwa sonara. Nadhani ni fundi wa silaha kambini, na patasi ya kutia namba bunduki.

Sasa unganisha. R.H.C. ni Meja mwenyewe. Hakuagiza zawadi dukani. Alitoa kijaluba chake mfukoni, akaandikisha jina la babu yako ndani. Nimeshika vikombe vingi vya kijeshi vilivyonunuliwa kwa mchango wa mesi, ukumbi wa kulia wa wanajeshi, na hakuna hata kimoja ningekibadilisha na hiki.

Tarehe nayo inakubali. Batalioni ya 36 ilikuwa ya Watanganyika, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katika mvua na matope, na Desemba divisheni ikavuka mto Chindwin huko Kalewa.

Jina lake litafute kwenye shajara za vita za batalioni, zilizoko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, fungu la WO 172. Ukipata mwenye herufi hizo tatu, mfuatilie katika London Gazette, gazeti la serikali lililotangaza vyeo vya maofisa. Linasomwa bure mtandaoni.

Chapa ni simba anayetembea na nanga: fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi, iliyopimwa Birmingham. Mnunuzi wako anahesabu gramu za kuyeyusha tu. Mwambie hapana, tena usimwachie "akakipime" nyumbani kwake.

Usikisugue kwa majivu wala dawa ya meno, maana maandishi ya ndani ni mepesi, yatafutika. Kitambaa cha pamba kikavu kinatosha. Na ule utepe wa mpira uliokatika, uliokuwa ukishika sigara, usiubadilishe.